Chupa ya Tomato Sosi Katika Jimbo la Hakika

Wiki iliyopita mliniacha ukingoni mwa ziwa, nikitazama paa la gari langu likididimia taratibu ndani ya barafu iliyokatika. Kwa aliyekosa gazeti: kila mwaka mji wetu huweka gari bovu juu ya ziwa lililoganda, watu wakatabiri siku litakapozama. Nami nikatabiri. Kisha nikaenda kulichungulia kwa karibu, nikaegesha langu ubavuni mwake.

Gari bovu lilibaki juu. Langu likaenda kwa samaki.

Siku ile nilimwapia mke wangu Marlys, mkono juu ya kitabu cha nyimbo za kanisa, kwamba mimi Verlyn Aamodt sitabahatisha tena kitu chochote maishani mwangu. Na sikubahatisha. Naomba mlishike hilo. Kubahatisha ni kuweka pesa kwenye jambo ambalo hujui mwisho wake. Hili ninalowasimulia leo lilikuwa na mwisho uliojulikana na kila mtu, mpaka ng'ombe.

Lilianza na hita. Hita ya nyumba yetu ilikata roho majani yalipoanza kupukutika, na Minnesota si mahali pa kuingia majira ya baridi bila hita. Marlys alikuwa ameweka pesa za hita mpya benki, kidogo kidogo, kutoka kwenye saluni yake. Mimi alinipa kazi moja tu: nimwite fundi.

Nikamwita. Fundi akasema bei imepanda.

Kilichopungua hakikuwa kikubwa. Lakini kumwambia Marlys kwamba pesa hazitoshi, baada ya lile gari, ilikuwa kama kumwambia mfiwa kwamba jeneza nalo limeibwa. Nikaona heri nizinyooshe zile pesa kidogo, zifike.

Gereji yetu hutengeneza malori ya kubebea viazi sukari, vile vya kutengenezea sukari. Mwenzangu wa hapo, Rollie, alikuwa na programu kwenye simu ambayo wenyewe huiita soko la ubashiri. Unaulizwa swali juu ya jambo lijalo, unanunua Ndiyo au Hapana. Likitokea ulivyosema, kila ulichonunua kinalipa dola nzima. Lisipotokea, umenunua hewa.

Nilishuka kwenye orodha ya maswali, chini kabisa, chini ya vimbunga vya Florida na ndevu za mwanamuziki fulani, nikakuta jimbo letu la uchaguzi. "Je, Delmar Bakkum atapata zaidi ya asilimia tisini na tano ya kura?"

Nilicheka peke yangu kama mwehu. Delmar ni mtu wetu katika Bunge la Minnesota tangu enzi nilizokuwa na nywele. Hana mpinzani. Chama cha upande wa pili kilichoka zamani kusimamisha mtu huku. Kwenye karatasi ya kura kuna jina lake, na chini yake mstari mtupu wa kuandika jina la mtu mwingine, ukipenda. Mstari huo kwetu ni wa masihara. Mbwa wa mzee Myron hupata kura zake. Kocha wa hoki hupata zake akiwa ameshinda. Yupo na marehemu mmoja ambaye watu bado wanampenda. Wote hao kwa pamoja hawajawahi kumkosesha Delmar usingizi.

Na bado Ndiyo ilikuwa inauzwa senti themanini. Maana yake kuna mtu, mahali fulani chini ya jua, aliyeamini Hapana na kuiwekea pesa. Alijiita Bibi wa Shupaza.

Nilimwonea huruma. Kisha nikanunua Ndiyo. Yeye akachukua Hapana. Nikanunua tena, naye akachukua tena, mpaka pesa za hita zikaisha.

Ningetulia hapo, leo ningekuwa na hadithi fupi na nyumba yenye joto. Lakini jioni moja Marlys alirudi kutoka saluni akacheka akisema wateja wanaulizana kama Delmar yu hai, maana hawajamwona tangu uchaguzi uliopita. Yeye aliona ni kichekesho. Mimi niliona hasara.

Nikampigia simu Mheshimiwa. Alikuwa kwenye nyumba yake ya ziwani, anavua. Nikamwomba aje kwenye karamu ya samaki kanisani, aketi, ale, ashike watu mikono, waone anapumua. Akasema yule samaki wetu hampendi.

"Mheshimiwa," nikamwambia, "hakuna anayempenda. Tunamla tu."

Akakubali.

Samaki mwenyewe ni yule mkavu tuliyemrithi kwa wazee waliotoka Norwei. Hulowekwa kwenye magadi mpaka akalegea na kutetemeka kama uji uliolala. Huliwa kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, na sheria zake zinajulikana. Wenye asili ya Norwei humtia siagi iliyoyeyushwa. Wenye asili ya Swideni humtia mchuzi mweupe. Ndoa kati ya pande hizo mbili huzungumzwa kwa sauti ya chini.

Jiko la karamu hiyo huongozwa na mama mkwe wangu, Ardis, mjane, mwanamke mdogo kama kijiko. Chapati zake za viazi ni nyembamba kiasi kwamba unaweza kusoma gazeti hili kupitia chapati. Mimi ninamheshimu sana. Nikiwa mbali ninamheshimu zaidi.

Delmar alikuja na tai. Akashika mikono, akauliza habari za viazi, akabusu mtoto mmoja ambaye hakutaka. Nikaanza kujipongeza moyoni. Wakamketisha katikati, wakamwekea sahani.

Mbele ya sahani ile palikuwa na chupa ya tomato sosi.

Sikujua ilitoka wapi. Hakuna aliyejua. Ukumbi ule haujawahi kuona chupa ya tomato sosi, kama usivyowahi kuona chupa ya pombe kali kwenye mimbari. Lakini Delmar, maskini, alidhani mgeni ametengewa. Akaigeuza juu chini, akaipiga makalio. Wekundu ukamwagika juu ya samaki, juu ya viazi, ukatiririka mpaka kwenye chapati.

Mzee Myron aliweka uma wake chini polepole. Mchungaji alifumba macho. Nadhani alikuwa anamwombea.

Mama mkwe akatoka jikoni. Akaitazama sahani. Akajifuta mikono kwenye aproni.

"Haya," akasema. "Hiyo nayo ni aina yake."

Msiotoka kwetu mtadhani alimsifu. Sisi hatutukani wala hatupigi kelele. Mtu akikuchomea ghala unamwambia hiyo nayo ni aina yake, na tangu hapo ukoo wake hauoi tena katika kata nzima.

Asubuhi yake, kwenye kahawa ya kituo cha mafuta, Rollie alisema kuliko kumpigia kura Delmar yeye ataandika jina la Ardis kwenye ule mstari mtupu. Alisema kwa masihara. Nikasubiri watu wacheke.

Hakuna aliyecheka. Mmoja akauliza Ardis linaandikwaje.

Tangu hapo nikawa mtu wa kuzima moto kwa petroli. Nilisema kwamba mama mkwe wangu ni mzee, atachoka. Wakampelekea maneno. Kesho yake alionekana akikusanya majani kwenye ua wake, kisha ua wa jirani, kisha ua wa benki.

Nikatoa silaha kubwa. Nikasema, kwa uchungu mwingi, kwamba mama mkwe wangu huiba kwenye karata. Hilo si uzushi. Nimecheza naye.

Mzee Myron alitafakari, akanywa kahawa.

"Basi huyo ndiye wa kupeleka Bungeni," akasema. "Miaka yote watu wa mjini wanatuibia sisi kwenye karata. Tupeleke wetu naye akawaibie."

Watu wakaafiki kwa vichwa. Myron akatangaza kwamba mbwa wake amejitoa.

Jioni Ardis mwenyewe alinipigia simu. Alisema amesikia ninamtaja kila mahali, asubuhi na mchana, na kwa kweli hakujua kwamba mkwe wake anampenda kiasi hicho. Akaniteua mkuu wa kampeni.

Ningekataaje? Nikajikuta nikipigilia vibao vya jina lake kando ya barabara. Nilivipigilia ovyo makusudi, vianguke. Upepo ukavilaza vyote kuelekea mashariki, na watu wakasema tazama, hata vibao vya mama huyu vinaonyesha njia ya kanisani.

Kwenye simu Ndiyo ilikuwa inashuka. Kila nilipoingia chooni kuitazama nilitoka mzee kuliko nilivyoingia. Mpaka kufika uchaguzi, Ndiyo na Hapana zilikuwa zimekaa nusu kwa nusu, na Rollie aliapa kwamba safari hii jambo litaamuliwa na kura moja au mbili.

Nyumbani Marlys alikuwa anapika amevaa koti. Siku moja tuliketi kula, pumzi zetu zikifanya mawingu juu ya supu.

"Fundi wa hita alisema anakuja lini?" akauliza.

"Baada ya uchaguzi."

"Kwani hita nayo inapigiwa kura?"

Nikasema fundi ana kazi nyingi. Alinitazama kidogo, kisha akaniongezea supu. Mwanamke mwenye jambo moyoni akakuongezea supu ni wa kuogopwa kuliko anayekuvunjia sahani, lakini wakati ule mimi niliona supu tu.

Basi ikafika siku yenyewe. Asubuhi nilikuwa namwendesha mama mkwe kwa gari lake, maana langu mnajua lilipo. Yeye alikuwa ameshapiga kura yake mapema kwa posta. Alitaka tu kunisindikiza, mkuu wake wa kampeni, nikapige yangu. Alikuwa amevaa kofia ya sufu na ameshika mkoba magotini kwa mikono miwili.

"Mkwe," akasema, "ile tableti mliyonipa Krismasi ina mchezo mzuri sana."

"Mchezo gani, Mama?"

"Wa uchaguzi. Unachagua Ndiyo au Hapana. Mimi mle najiita Bibi wa Shupaza."

Niliingia kidogo kwenye shamba la viazi sukari, nikarudi barabarani.

"Tazama mbele," akasema.

Akanisimulia bila haraka. Mwanzoni alitaka kuweka kidogo tu, kama anavyoweka kwenye karata za Alhamisi, apitishe muda. Lakini kila alipochukua Hapana, mjinga mmoja alikuwa anairukia Ndiyo kama kuku aliyemwagiwa mtama. Anamwaga, anadonoa. Anamwaga, anadonoa. Ikafika mahali akaona mtu mwenye pesa za kuchezea namna ile ni dhambi kumwacha nazo.

"Lakini Mama," nikasema, "ulijuaje kwamba Delmar atapungua? Hana mpinzani."

"Sikujua. Niliposikia umemwalika kwenye karamu ndipo nikapata wazo." Akafungua mkoba, akatafuta peremende. "Ile chupa niliiweka mimi."

Nilitazama mbele, kama nilivyoagizwa. Jamani, mimi ndiye niliyemleta mbuzi machinjioni, nikamfunga na tai.

"Nikishinda," akaendelea, "nitamnunulia Marlys hita. Haiwezekani mwanangu apike na koti. Ameniambia pesa zake za hita hazipo benki. Hajui zilikokwenda. Hajakuuliza, anasubiri umwambie mwenyewe."

Barabara ya kwetu imenyooka. Siku ile niliiona ina kona nyingi.

"Na ikishafungwa nitahamia kwenu mpaka baridi iishe. Nataka niisikie ikinguruma."

Nikapunguza mwendo.

"Hivi, mkwe, unamjua mtu yeyote hapa kwetu mwenye tabia ya kutupa pesa namna hiyo?"

"Simjui, Mama."

"Hata mimi simjui," akasema, akitazama nje ya dirisha. "Chukua peremende."

Alibaki garini, maana mgombea haruhusiwi kuzurura mlangoni. Nikaingia ukumbi wa mji na ladha ya mnanaa mdomoni, nikapewa karatasi, nikasimama kwenye kibanda kidogo cha kupigia kura na kalamu mkononi. Wasomaji wangu, nipimieni na ninyi.

Delmar akivuka ile asilimia tisini na tano, pesa zangu zinarudi na nyongeza juu. Fundi analipwa, hita inafungwa, na Marlys ninaweza kumtungia hadithi. Lakini nitakuwa nimekula akiba ya mjane, tena mama mzaa mke wangu.

Delmar asipovuka, pesa zangu zinakwenda kwa mama mkwe, naye anazileta kwetu zikiwa zimegeuka hita. Pamoja naye mwenyewe. Nitapashwa joto na mama mkwe mpaka nife, na kila nikinyoosha miguu nikisikia raha nitakumbuka ni nani aliyeniwasha.

Nikaweka wino kwenye duara la Delmar. Mkono ulikuwa wangu kabisa, siwezi kusingizia mtu.

Kisha nikamkumbuka Marlys asubuhi ile, akipuliza vidole kabla ya kushika kitana. Moyo ukanisuta. Kalamu ikashuka yenyewe kwenye ule mstari mtupu ikaandika ARDIS, kwa herufi kubwa. Sijui nilifikiri nini. Nadhani nilitegemea kwamba nikishaandika la pili, lile la kwanza litajifuta kwa aibu.

Nikaipeleka karatasi kwenye mashine. Mashine ikaimeza, ikaionja, ikaitema. Kisha ikalia, mlio mrefu kama wa lori linalorudi nyuma.

Msimamizi wa mashine alikuwa Bi Borghild, mwenzake mama mkwe kwenye karata za Alhamisi. Sheria inamkataza kutazama karatasi ya mtu. Hakuitazama. Alisoma tu maandishi kwenye kioo cha mashine, akaniinamia aninong'oneze. Tatizo ni kwamba Bi Borghild hasikii vizuri, kwa hiyo hunong'ona kama anayeita ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto.

"Verlyn, mwanangu. Mashine inasema umechagua watu wawili kwenye kiti cha Delmar."

Foleni nzima iligeuka. Rollie alikuwepo. Mchungaji alikuwepo. Mzee Myron alikuwepo na yule mbwa aliyejitoa.

"Mkuu wa kampeni," Myron akasema taratibu, kwa mtu ambaye hakumuuliza kitu.

Na mlangoni, mwenye kibandiko chekundu cha waliokwisha kupiga kura kwenye ukosi wa koti lake, alisimama Marlys. Alikuwa amefunga saluni kwa muda. Alitembea mpaka niliposimama. Karatasi hakuitazama. Alinitazama mimi, usoni, kama anavyomtazama mteja aliyejikata nywele mwenyewe nyumbani.

"Haya," akasema. "Hiyo nayo ni aina yake."

Miaka yote ya ndoa yetu, hata siku ya lile gari, hajawahi kunitamkia maneno yale.

Bi Borghild aliikunja karatasi iliyoharibika, akanipa mpya. Kibandiko changu alikirudisha mfukoni.

"Marlys," nikasema, "kuna jambo."

"Najua lipo. Kapige kura kwanza. Kisha utoke uniambie ni kwa nini mtu anashindwa kuchagua kati ya Delmar Bakkum na mama yangu."

Akavuta kiti cha chuma mpaka mbele ya kile kibanda, kikikwaruza sakafu safari nzima. Akaketi. Akafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja, mpaka kile cha kidevuni.

"Wala usiharakishe," akasema. "Hata nyumbani ni baridi tu."